Harusi ya Timu ya Barafu

Ipo Jumamosi moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyomwoa mama yako. Ukumbi wa kanisa kule Bertrams, hapa Joburg, ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Sahani za wali na maharage zilikuwa zikipitishwa juu ya vichwa, akina mama wakipiga vigelegele, na mimi, kijana wa suti ya kuazima, nimesimama mbele na daftari mkononi nikiandika ahadi za watu. Tulikuwa tunafufua timu ya hoki ya barafu. Usicheke, mwanangu. Mama yako akiikumbuka suti ile mpaka leo hucheka peke yake jikoni, na mcheko mmoja nyumbani unatosha.

Neema, karatasi ulizoniachia mezani Jumapili nimezisoma zote, mara mbili. Unataka kuifufua timu ileile, wewe na wenzako watano, na umeniomba maoni na, ikiwezekana, mchango. Umeandika pia kwamba wewe na mumeo Themba mko tayari kuweka humo akiba ya nyumba mliyojinyima miaka minne kuipata. Nilipofika hapo niliweka kikombe cha chai chini. Kabla sijakujibu, acha nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, na kilichonizuia miaka yote hii ni aibu tu.

Nilipofika Joburg kutoka Bukavu kazi yangu ilikuwa kunoa. Nilizunguka Troyeville na mitaa ya jirani na mashine yangu ya kukanyaga kwa mguu, nikinoa mikasi ya mafundi cherehani na ya wasusi. Siku moja nilikuwa nanoa kwa Mama Esperansi, mjane wa kwetu aliyekuwa fundi wa suti na mweka hazina wa likelemba yetu, ule mchezo wa kuchanga na kupokea kwa zamu ambao wenyeji wa hapa huuita stokvel. Mzungu mmoja aliyekuja kuchukua koti lake akanitazama nikifanya kazi, kisha akaniuliza kama naweza kunoa viatu. Nilidhani ananitania. Kiatu na makali wapi na wapi?

Kumbe alikuwa kocha wa timu ya barafu, na kweli viatu vile vina chuma chini yake, chenye makali mawili na kibonde katikati, na ukikikosea kibonde hicho mchezaji anaanguka kabla hajapiga hatua ya pili. Nilijifunza. Kisha nikabaki kutazama mchezo, na hapo ndipo nilipopotea. Watu walikuwa wakikimbia juu ya barafu kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu asiye na injini, wakikigombea kisahani cheusi kwa magongo, Mzungu na kijana wa Soweto na wavulana wetu wawili wa Goma, wote jezi moja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wiki ya tatu nilikuwa nawanolea kwa nusu bei ili waniache nikae kwenye benchi lao.

Halafu duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa likiwalipia saa za uwanja wa barafu likaacha kulipa. Timu ikafa ndani ya mwezi mmoja, na kocha akahamia Cape Town. Wengine walisema basi. Mimi nikasema haiwezekani, hii timu tutaifufua, na nilikuwa na umri ambao mtu akisema neno kwa sauti kubwa huamini ameshalifanya.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa kwetu hasa. Kwetu, mtu akitaka kuoa haendi benki. Anaita kamati. Kuna mwenyekiti, kuna mtunza fedha, kuna kadi, kuna siku ya kuahidi mbele ya watu, na kila anayesimama kuahidi anapigiwa vigelegele. Ni desturi nzuri, imetuoza wote, na mimi sitaisema vibaya. Basi nami nikaiitia timu kamati. Mfanyabiashara wa duka la Diepsloot akasimama akaahidi barafu ya miezi miwili. Mchungaji akaahidi sadaka ya Jumapili sita. Wasusi wakaahidi, wauza viazi wakaahidi, hata walinzi waliotoka zamu wakiwa na usingizi machoni waliahidi. Usiku ule nilijumlisha nikakuta timu ina maisha ya miezi minane. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, jipya, lenye jalada gumu. Nilichokosa ni mali.

Meneja wa uwanja wa barafu hakutaka kuona daftari. Alitaka fedha ya miezi mitatu mkononi, la sivyo saa yetu ya Jumamosi anampa mwingine. Ahadi zilikuwa bado hazijaingia hata moja. Na mwezi ule, katika likelemba, zamu ya kupokea ilikuwa ya mama yako.

Riziki, mama yako, alikuwa akisuka nywele barabarani, kwenye kiti cha plastiki, wewe ukiwa mgongoni. Alikuwa ameshapata chumba cha kupanga, kidogo, chenye dirisha, beseni la kuoshea nywele na nafasi ya viti viwili. Alikuwa amenipeleka kukiona mara tatu. Aliingoja zamu ile miezi kumi na moja. Nami nikamwendea nikamwambia, Mama Neema, nikopeshe, ahadi zikiingia nakurudishia kabla ya baridi. Alinitazama kidogo, akakuhamisha kutoka bega moja kwenda jingine.

"Kama unasema itarudi, itarudi," akasema.

Hakuongeza neno. Nilifurahi sana kwamba hakuongeza neno. Sikujiuliza kwa nini mwanamke mwenye maneno kama mama yako siku ile aliishiwa.

Mechi ya kwanza, mwanangu, ilikuwa sherehe. Watu walikuja na mablanketi, na vyungu, na ngoma ambayo askari wa mlangoni alikataa isiingie kisha akaicheza yeye mwenyewe. Tulifungwa tisa kwa moja. Bao letu moja lilipoingia bibi mmoja wa Kirundi alivua kitenge akakipeperusha mpaka nikaogopa ataangukia barafuni. Nililia kwa furaha, sifichi. Nilisema moyoni, wamekuja wote, kesho fedha zitakuja.

Hazikuja. Nilipopita kukusanya, watu walinishangaa, wala hawakuwa wezi. "Lakini Baba Neema, si tulikuja? Si tulishangilia?" Kwetu ahadi ya harusi hulipwa kabla ya ndoa, na sherehe ikishapita nani amdai mgeni aliyekula na kucheza? Tunasema ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni la harusi hufa bibi harusi akiingia ndani. Nilikuwa nimewaalika harusini, nao wakaja kwa moyo mweupe, wakaenda zao. Mechi ya pili walikuja watu wasiotimia ishirini. Ya tano niliwahesabu saba, na mmoja alikuwa amekosea mlango akitafuta sinema. Wachezaji nao hatukuwa tumewatoza kitu, maana kwenye sherehe yako humtozi mpiga ngoma. Miezi mitatu ilipoisha, meneja alifuta jina letu ubaoni akaandika sherehe ya kuzaliwa ya mtoto fulani.

Nilikwenda kwa Mama Esperansi kuwalaumu watu. Nililaumu kwa muda mrefu. Alikuwa anakata kitambaa cha suruali, hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Mwana wangu," akasema, "mulifanya harusi ya muzuri sana. Sasa ni nani atapika kesho?"

Akaniuliza saa moja ya barafu ni bei gani, nikamtajia. Wachezaji wangapi? Kumi na wanane. Akanipa chaki yake ya kuchoria nguo, akaniambia gawa. Neema, niligawa pale juu ya kipande cha kitambaa, nikagawa tena nikidhani nimekosea. Sehemu ya kila mchezaji kwa wiki ilikuwa ndogo kuliko bia walizokunywa Ijumaa. Tena wazazi wa Sandton, mtaa wa matajiri, walikuwa wakija kila Jumamosi kutuuliza kama kuna mtu wa kuwafundisha watoto wao kuteleza, fedha wameshika mkononi, nasi tukiwajibu samahani, tuna mechi. Timu ile ingeweza kuishi. Ingeishi kwa shida, kwa jezi zilizotiwa viraka, lakini ingeishi. Niliiua mimi, maana kabla ya siku ile sikuwahi kugawa.

"Na sasa wende uangalie bibi yako," Mama Esperansi akaniambia. "Mimi nitakusamehe bure. Yeye umumuombe."

Nikaenda. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya mji huu unaijua. Mama yako alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki kando ya barabara, anamsuka mteja, vidole vimepasuka kwa baridi, na wewe umefungwa mgongoni kwa blanketi langu. Chumba chenye dirisha kilikuwa kimeshapata mtu mwingine. Aliponiona akatabasamu, akaniuliza, "Eish, Baba Neema, timu imeshinda?" Nilisimama pale nikashindwa kumwambia kwamba hakuna timu wala hakuna fedha, lakini nadhani alishajua. Alisuka barabarani baridi mbili zaidi. Kikohozi chako cha utotoni, kile ambacho watu huniuliza mbele yako kilitoka wapi, nami hujibu ni hali ya hewa, kilitoka pale. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuambia zamani.

Sasa turudi kwenye karatasi zako. Ni nzuri, umeziandika kama mtu wa benki, na mimi naona fahari kukuzaa. Lakini nimechukua kalamu nikazungushia mistari mitatu. Mfadhili mkuu, umeandika anatarajiwa. Michango ya wapenzi wa timu, umeandika imeahidiwa. Mauzo ya siku ya uzinduzi, umeyaweka kana kwamba kila wiki ni uzinduzi. Ukiitoa mistari hiyo, kinachobaki kinalipa barafu ya wiki tisa. Kwa hiyo anza na kinachobaki. Gawa saa moja kwa wachezaji ulionao, na asiyeweza sehemu yake mseme mapema nani atambebea. Wafundishe watoto wa wenye nazo Jumamosi asubuhi, na fedha yao iwaingize barafuni watoto wetu wasio nazo. Viatu na magongo muazimane. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa ndipo ununue jezi. Mfadhili akija, mshukuru, mwandike kama mvua, usimwandike kama bomba. Na ukigawa ukakuta haiwezekani, usifufue. Kuiacha ipumzike si dhambi.

La akiba ya nyumba nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilikuuliza kwenye simu Themba alisema nini, ukanijibu kwa furaha kwamba alikubali palepale, hata hukumaliza kueleza. Nilimjua mtu mwingine aliyekubali palepale.

Jumapili ulipoondoka nilimwuliza mama yako swali ambalo nilikuwa sijathubutu kumwuliza tangu siku zile. Alikuwa anapanga rola za nywele za wateja wake wa Jumatatu kwenye kikapu. Nikamwambia, Mama Neema, ile fedha ya zamu yako, ningekuuliza mara ya pili ungesemaje? Hakufikiri hata kidogo.

"Mara ya kwanza niliitika juu nilikuwa nakupenda," akasema. "Ya pili ningekatala."

Akaendelea kupanga rola zake.

Basi shauri langu ni hili, Neema, na mengine yote unaweza kuyasahau. Anayekupenda hukubali haraka, kwa hiyo usimwulize mara moja. Rudi leo kwa Themba. Zima simu, mkae, umwoneshe mistari mitatu niliyoizungushia kalamu, na umwulize tena, kisha unyamaze umwache ajibu. Akisema hapana, mshike mkono na umshukuru, maana amekuheshimu. Akisema ndiyo, hiyo sasa ni ndiyo yenyewe.

Mimi na mama yako siku ya uzinduzi hatutaahidi kitu mbele ya watu, hata mkipiga vigelegele. Tutalipa saa moja ya barafu kila mwezi, mwezi wenye mechi na mwezi usio na mechi, kadiri Mungu atakavyotupa nguvu. Ya mwezi huu nimeilipa jana kwa mkono wangu.

Nenda, mama. Mungu akupe wachezaji wanaolipa kabla ya kuvaa viatu, umeme usiokatika barafu ikiwa mbichi, na watoto wengi wanaoanguka na kuinuka wakicheka. Akulindie nyumba yako kabla ya timu yako. Na Themba akusikilize kwa moyo wote, akujibu ukweli, kisha akae karibu nawe benchini na blanketi lake.