Mzee Aliomba Maji, Mimi Nikamjibu kwa Saksafoni

Ndugu zangu, kosa ni langu mimi, nalisema mapema ili mtu asianze kunionea huruma. Jina langu mhariri analo, nimemwomba alifiche, ingawa hapa Mafia hata kuku wanalijua.

Nimemwunguzia mzee wa watu tanuri lake la kukaushia mbata, zile nazi kavu. Kiberiti sikukigusa. Wakati linaungua nilikuwa barazani kwangu nimefumba macho, napiga wimbo wa mapenzi!

Mambo yalianzia Dar es Salaam, nilikokuwa nikibeba mizigo bandarini. Nilikuwa na rafiki aliyerudi kutoka vita vya Bama, vile vya Mjapani, alikokuwa katika bendi ya askari, naye akanifundisha kupuliza saksafoni. Alipokwenda kwao kuoa, mchumba wake akasema kelele hataki, basi saksafoni akaniachia mimi. Akaniachia na wimbo mmoja wa jazi, wa taratibu, usio na maneno, wa kumliza mtu mzima na akili zake. Yeye akiupiga mluzi, mimi naufuata, mpaka ukaniingia.

Niliporudi kwetu Kiegeani kutunza minazi ya marehemu baba, nilikuwa na saksafoni na wimbo, bendi sina. Kupiga jazi peke yako ni sawa na kucheza bao peke yako. Utashinda, lakini utamringia nani?

Mungu si Athumani! Dukani kwa Bwana Gulamu, Kilindoni, kulikuwa na santuri ambayo kila mtu aliikataa. Piano inalia, ngoma inapigwa, zeze kubwa linanguruma, ila mwenye kuimba hayumo.

"Chukua tu, ndugu yangu," Bwana Gulamu akaniambia. "Mbovu hiyo. Walisahau kumtia mwimbaji."

Haikuwa mbovu hata kidogo. Imetengenezwa vile kusudi, ili mwenye kujifunza ajazie mwenyewe. Nikaiweka kwenye gramafoni aliyoiacha baba, nikapiga mluzi wa wimbo wangu juu yake. Ukakaa kama mfuniko na chungu chake! Siku hiyo wali sikuuona ladha kwa furaha.

Sasa sikilizeni balaa lilipoingilia. Kwetu mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baragumu likipulizwa, huulizi, unashika ulichonacho unakwenda. Na saksafoni yangu, ile sauti yake ya chini kabisa, jamani, ni baragumu tupu!

Nilipoipuliza mara ya kwanza barazani, mtaa mzima ulinijia mbio. Wanaume na majembe. Bi Mwanaidi, jirani yangu, na ndoo ya maji kichwani.

"Jambo gani?" wakauliza.

"Hakuna jambo. Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Mapenzi," nikasema. "Yaani, wimbo wake."

Bi Mwanaidi akashusha ndoo. "Mapenzi hayaitiwi watu na majembe, mwanangu."

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Nasoro. Huyu ni mwenye minazi mingi, wazee wake walitoka Omani, na ndiye aliyewekwa kutunza baragumu la mtaa. Alikuja amelishika mkononi, kwanza alipita kulitazama kama bado lipo.

"Nani kapuliza pembe, na pembe ninayo mimi?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba. Sikiliza, kijana. Starehe yako sikukatazi. Lakini kila ukitaka kulipuliza hilo bomba lako, uje uniambie kwanza, nami niwaarifu watu. Mbiu haichezewi."

Nikasema nimesikia. Nisingesema vingine, maana Mzee Nasoro ndiye baba wa Zuhura. Posa yangu ilikuwa imekwisha pelekwa, naye aliipokea akanyamaza. Zuhura alishaniletea salamu kwamba yeye kwake tayari, baba ndiye anayepima.

Basi kila nilipotaka kujifunza, nilikwenda kwake kubisha hodi. Loo, mateso! Ananikalisha, analetewa kahawa, ananihoji. Wimbo wenyewe unaishia wapi? Mbona unalia, nani kafa? Huko Dar es Salaam watu wazima ndivyo wanavyokaa? Nikitoka pale jua limekwisha kuchwa na pumzi sina. Nikaanza kumwogopa mzee yule kuliko askari wa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya.

Siku moja akafika mtu wa redio, anazunguka pwani na mashine ya kunasa sauti kwenye utepe, anakusanya ngoma na nyimbo. Bwana Gulamu akamwambia habari zangu. Akaja Kiegeani na mashine yake na betri ya gari, akasema alasiri hiyo anarekodi, asubuhi anaondoka. Sharti lake lilikuwa moja, kimya. Mtu akikohoa, utepe umeharibika.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Nilijua nikipuliza ile sauti ya chini, watu watanijia na majembe. Nikajua pia nikienda kwa Mzee Nasoro nitahojiwa mpaka mtu wa redio apande chombo. Nikapita mwenyewe nyumba kwa nyumba.

"Leo alasiri mkisikia pembe, yoyote ile, tulieni ndani. Ni mimi. Tafadhalini sana, asije mtu."

Wote wakakubali, watu wa Kiegeani wana imani. Nyumba moja tu niliiruka. Mnaijua.

Alasiri ikafika. Gramafoni nikaitia ufunguo, santuri ikazunguka, piano ikaanza, nikaingia. Ndugu zangu, sijisifu, lakini siku ile saksafoni ilinitii! Nikaushusha wimbo mpaka kule chini kabisa, nikavuta pumzi.

Mara upande wa minazini nikasikia: Puuu! Puuu! Puuu!

Mtu wa redio akainua uso, macho yamemng'aa, akanifanyia ishara niendelee. Nami moyo ukanilipuka. Mzee Nasoro! Amenisikia, na ananijibu! Aliyekaa na posa yangu kimya siku zote zile, leo ananipulizia pembe mbele ya mtaa mzima! Ameridhia!

Nikamjibu. Puuu tatu na mimi, nikazitia madoido. Akapuliza kwa haraka, nikaharakisha. Akapandisha, nikapandisha. Akikatisha, nakatisha. Majirani nao majumbani wakafikiri lile lile nililofikiri mimi, "Mzee anampulizia mkwewe!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu wa redio hata hakukasirika, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Santuri ilipokwisha, mzee alitoa mlio mmoja mrefu wa pembe, unatetemeka, ukafifia. Nikasema moyoni, huyu mzee anajua kumaliza wimbo.

Moshi tuliuona. Lakini tanuri la mbata hutoa moshi kila siku, nani angeutilia maanani?

Akatokea mwenyewe. Ndevu za upande mmoja zimeungua, kanzu nyeusi kwa masizi, baragumu mkononi. Watu wakatoka majumbani na tabasamu zao kumpongeza. Mimi, mjinga wa wajinga, nikamfuata nimpe mkono.

"Niliomba maji," akasema, "ukanipa muziki."

Ya Rabi! Watu wakakimbilia minazini, lakini kukimbilia nini tena? Banda limelala, tanuri limelala, mbata ya msimu mzima imekuwa mkaa. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Bi Mwanaidi alisimama pale na ndoo yake imejaa, analia. "Ndoo nilikuwa nayo mlangoni," akasema. "Si ulituambia tusije?" Wote wakageuka kunitazama. Aibu niliyoiona siku ile simwombei adui.

Posa ikarudishwa. Nilikwenda kuomba radhi, Mzee Nasoro akanipokea, akanipa kahawa, na safari hii hakuniuliza hata swali moja. Wakati natoka, Zuhura alisema nami nyuma ya mlango.

"Moto ni kadari ya Mungu, hauna mwenyewe," akasema. "Lakini nyumba zote ulipita, yetu ukairuka. Kama neno dogo vile lilikushinda kumwambia baba, makubwa utaniambia mimi?"

Nikashika njia, nikaenda zangu. Ameolewa Ndagoni.

Mngedhani yamekwisha. Wapi! Wimbo ukatiwa redioni, na watu wakaupenda! Akaja mjumbe wa redio kutoka Dar es Salaam, nikavaa kanzu safi, nikakaa barazani namngoja. Akanipita. Alikuwa anamtafuta mpiga pembe wa pili. Saksafoni, alisema, ni ya kawaida, ila yule mwenye pembe ana uchungu ambao hawajapata kuusikia.

"Mimi sikupiga muziki," Mzee Nasoro akamwambia. "Nilikuwa naungua."

"Inasikika, mzee," mjumbe akajibu kwa heshima. "Ndiyo maana tunakutaka."

Mzee alimfukuza kwa bakora. Lakini wimbo haufukuziki. Dukani kwa Bwana Gulamu redio ikiupiga, watu hucheka wakanitania, "Bwana arusi, zima moto!" Nacheka nao. Kisha hufika pale kati, penye vigelegele, na mimi hutoka nje kama mwenye shughuli. Kimoja hupanda kuliko vyote, na nakijua ni cha nani. Shangazi yake anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na alasiri ile Zuhura alikuwa huko.

Vijana wenzangu, pulizeni mnachopuliza, pendeni mnayempenda, sikatazi. Lakini ukiwa na neno la kupeleka nyumba kwa nyumba, ile unayoiogopa ndiyo uianze kuibishia hodi.