Cheti cha Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Lindi, Kibera, nilikuta wanafunzi kumi na wanne darasani, wote wakubwa kwangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, ndivyo watu walivyoiita elimu ya watu wazima, na darasa letu lilikuwa kanisa la mabati tuliloazimwa siku za juma. Tulianza saa nane mchana, akina mama wakiwa wamemaliza kufua na hawajaanza kupika. Wanaume walikuwa watatu tu, na walikaa mbele bila kuambiwa.

Mtu alianza na silabi, akaenda kwenye maneno, kisha sentensi, kisha barua. Mwishoni alifanya mtihani wa ufuzu, wa kuonyesha kwamba anasoma na kuandika bila kushikwa mkono, na aliyefaulu alipewa cheti. Mitihani ilisahihishwa ofisini kwa Msimamizi wa Tarafa, mzee mpole aliyeniita "binti" mpaka nilipoolewa, akaanza kuniita "bibi ya watu". Mimi nilifundisha usawa kila Ijumaa. Nilichora ubaoni mume na mke wakibeba maji pamoja, na nilijiona mpiganaji kweli kweli.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo. Huko walikuja Wambua, fundi wa viatu, na mkewe Mwende, aliyefulia watu nguo. Walikuwa wametoka Kitui. Mwende alikuwa na haraka. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa na katibu mwanamume, jambo la kawaida siku hizo, kwa sababu ni yeye tu aliyeweza kuandika kumbukumbu za mkutano. Mwende aliutaka ukatibu huo. Wenzake walikuwa tayari kumchagua, mradi alete cheti kabla ya siku ya uchaguzi.

Wote wawili walifanya mtihani. Mwende alifaulu, Wambua akaanguka. Nilikwenda ofisini kukichukua cheti nikiwa na furaha tele, lakini Msimamizi aliniambia kwanza niketi.

"Ukimpa mke peke yake, bwana atamtoa darasani, na wengine watamfuata. Ngoja mzee apite, uwape pamoja."

Sikubisha. Nikisema kweli, niliona ana busara. Nilikifungia cheti kabatini, nikamwambia Wambua arudie mtihani, na Mwende nikamwambia kwamba matokeo yake bado. Aliniuliza kila wiki, halafu akaacha kuniuliza. Uchaguzi ulifanyika, na yule mwanamume akaendelea kuwa katibu.

Mwaka uliofuata Wambua alirudia mtihani akapita. Niliwaita mbele pamoja, darasa likapiga makofi. Wambua alikiinua chake juu watu wakione. Mwende alikisoma chake taratibu, kidole kikipita chini ya kila neno.

"Mwalimu, hii tarehe ni ya mwaka jana," alisema.

Nilijieleza vile nilivyoweza, kwamba nilichelea mzee angeona aibu kushindwa na mkewe. Wambua alinitazama kama mtu asiyeelewa anaambiwa nini.

"Aibu ya nini, mwalimu? Kwani unafikiri nani hunisomesha kwa nyumba? Si ni huyu?"

Mwende alikikunja cheti, akakitia kwenye mfuko wa aproni na kutoka, na hakukanyaga tena darasani kwangu.

Nilifundisha miaka mingine mingi. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani, na wakubwa wakasimama mmoja mmoja kusema nilivyowapigania wanawake wa mitaa ile. Niliwashukuru, nikala keki. Lakini namjua mwanamke mmoja ambaye mumewe hakumzuia hata siku moja. Aliyemzuia ni mimi, na sikuwahi kumwomba msamaha.