Taa Mbili za Mume Wangu

Mume wangu alinipigia simu kutoka kazini, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa ananichumbia. Alisema, "Mama, leo nakuletea taa mbili ku nyumba."

Mimi ni mshonaji. Umeme wetu hapa Goma huja unapojisikia, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimlilia anitafutie taa ya kushonea. Basi nikaondoa mikasi na vipande vya kitenge juu ya meza yangu iliyo dirishani, nikapangusa vumbi, nikaacha nafasi ya taa moja huku na nyingine kule. Nilijiona mke anayependwa.

Jioni akaingia na beseni, amelishika kwa mikono miwili. Ndani walikuwa samaki wawili bapa, wa mviringo kama sahani, wenye madoa na mikia mirefu. Yeye ni dereva wa mgeni mmoja, na mgeni huyo alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, akamwachia samaki wake. Kwa Kifaransa huitwa raie. Lakini mtu mmoja wa lori kutoka pwani alikuwa amemfundisha kwamba kule huitwa taa, na neno likamkolea. Hizo ndizo taa zangu. Nikacheka kwa meno tu.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na habari nyingine ila wakae wapi. Fundi wa vioo kule mtaa wa Birere alimshauri atengenezewe tangi la kioo, refu, jembamba, lililosimama kama kabati, eti wageni wakiingia washangae. Mume wangu alirudi amenuna kana kwamba ametukaniwa mama yake.

"Hii samaki haipandake juu, mama," akanieleza. "Inalalaka chini. Inaomba nafasi ya kugeuka."

Nafasi ya kugeuka! Miaka yote hii nalala kati yake na mtoto wetu wa mwisho, na hajawahi kuniuliza kama mimi nageuka. Samaki hata hawakuomba. Akawatafutia mchanga laini, maana mchanga wetu mweusi wa volkano ungewakwaruza tumbo. Mimi sakafu yetu ya mawe hayohayo ya volkano naipigia magoti kila asubuhi nikiosha, wala hajawahi kuniuliza habari ya magoti yangu. Niliwaonea wivu, na sioni haya kusema. Niliwachukia hata madoa yao.

Kisha nikamwona anaitazama meza yangu. Anatazama dirisha, anatazama meza, anapima kwa macho. Meza hiyo ndiyo kazi yangu. Ikitoka dirishani, mimi si mshonaji tena. Nikaona heri nimkatishe tamaa mapema.

Nikachukua karatasi ya kukatia mitindo, nikakata mviringo kama nakata sketi pana. Sikuukata wa ukubwa wa sahani. Niliukata mkubwa kama sinia la harusi, nikaubandika na mkia. Nikamwambia samaki hukua, na huyu ndiye samaki wake akiwa mzima, ajaribu kumgeuza humu ndani. Niliuzungusha sakafuni mbele yake, ukagonga mguu wa cherehani, ukagonga kabati. Nilingoja ashike kichwa, aseme basi, tuwape watu wengine.

Akachuchumaa, akauzungusha mwenyewe, taratibu. Akasema nimemwokoa, kwamba yeye alikuwa anapima samaki wa leo tu. Kumbe upana wa tangi unatakiwa kupita mara mbili ya karatasi ile, urefu uzidi hapo, kina kisiwe kirefu, na pembe ziviringwe wasijigonge. Akanishukuru kwa moyo wote. Halafu akainua macho, akaipita meza yangu, akatazama kupitia mlango wa chumba, akakiona kitanda chetu.

Meza ilipona. Kitanda kikauzwa. Mahali pake akajenga sanduku pana la mbao, fupi, lenye turubai ndani na kioo upande wa mbele. Sisi tukahamia kwenye godoro jembamba la watoto, chini, kando yake.

Siku alipowaachia humo alikaa anawatazama wanavyoteleza na kuzunguka bila kugusa ukuta. Akaniita nije nione.

"Ona, mama, zinageuka muzuri."

"Nimeona," nikasema. "Sasa unipime na mie."

Alidhani natania. Nikamletea futi yangu ya kushonea, nikalala juu ya godoro, nikamngoja. Akapiga magoti. Akapima kutoka bega hadi bega, akapima godoro. Kisha akanitazama kwa jicho lilelile alilowatazamia wao, la mtu anayepiga hesabu ili mwingine akae vizuri. Hilo jicho ndilo nililokuwa nalitaka siku zote hizo.

Mmoja wao akapiga maji kwa mkia. Futi ikabaki begani kwangu, naye mume wangu akawageukia.