Kaa wa Kwanza
Jirani yangu hapa Savannah, mji wa pwani, anafuga watoto kwa ajili ya picha. Kila Jumapili huwavika mashati meupe yaliyotariziwa majina, akawapanga gatini, juu ya maji, kama vikombe kabatini, simu mkononi, sauti tamu kama chai ya barafu. Juzi mwanawe mdogo, Tucker, alivuta kutoka majini kamba aliyoifungia shingo ya kuku kuwa chambo, akaibuka na kaa wake wa kwanza maishani.

“Mama, nimemkamata! Mwenyewe!”

“Hongera, kipenzi. Hebu mrudishe umkamate tena, picha imetoka giza.”

“Mama Tucker, na kaa naye umwambie ajipange,” nikamtupia neno kutoka upande wangu.

Hakunisikia. Mtoto akamwachia kaa, na kaa, mwenye akili kumshinda mama mtu, hakurudi. Tucker akavuta kamba tupu, midomo ikimtetemeka, akaigeukia simu, akatoa meno yote.

“Hapohapo, mwanangu! Usiache kucheka!”