Jina la Mzee Salim kwenye Orodha ya Boti

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa mlango wa nyuma, nimebeba ndoo. Ofisi ilikuwa Randburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, na kazi yake ilikuwa kuwauzia watu wa Johannesburg safari za baharini katika nchi za mbali. Mume wangu, Alphonse, alikuwa mlinzi wa jengo hilo. Aliposikia wanatafuta mtu wa usafi na chai, aliwaambia, "Mke wangu yupo, na hawezi kuiba hata kijiko." Meneja wa ofisi aliniuliza kama najua kusoma. Nikamjibu kwamba nilifika darasa la sita kule Uvira, kwa Kifaransa, na Kiingereza nimekiokota barabarani.

Akacheka. "Sharp, Mama. Chai haisomwi."

Nilipika chai miaka minne. Kilichonitoa jikoni ni Kihispania. Ofisi ilikuwa imeanza kuuza mji mmoja wa ufukweni huko Meksiko, upande wa Pasifiki, na barua za wakala wa huko, yaani mtu anayewapokea wageni wetu wakitua, zilikuja nusu Kiingereza nusu Kihispania. Siku moja nikikusanya vikombe nilimkuta Mkuu wa Safari za Nje, mama mmoja wa Kisotho mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, ameshika kichwa mbele ya barua. Nikachungulia. Kihispania na Kifaransa ni watoto wa mama mmoja, hawafichani sura.

"Wanasema boti ya Jumatano imejaa," nikamwambia. "Wageni waende Alhamisi."

Alinitazama kana kwamba birika limesema. "Eish! Mama, weka hilo sinia chini. Keti hapa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpangaji wa programu za mchana. Ninyi vijana mnaoagiza safari kwa simu huenda hamjui kazi hiyo. Ndege ilikuwa ya dawati la tiketi, kitanda kilikuwa cha dawati la hoteli. Mimi nilipewa saa zinazobaki, tangu mgeni anapomaliza chai ya asubuhi mpaka jua linapozama. Saa hizo zikiwa mbaya, hata kitanda kizuri hakisaidii. Asubuhi niliwaweka baharini, kwa sababu upepo wa ghuba ile huamka baada ya saa sita. Jua likiwa kali niliwaweka kivulini, kwenye somo la kupika, wakaminye unga wa mahindi kuwa chapati nyembamba pamoja na akina mama wa huko. Alasiri, mchanga ukipoa, walikwenda kuwaachia watoto wa kasa waingie majini. Waliokuwa na ujasiri niliwapeleka kuteleza kwa kamba juu ya miti, ila kwanza niliwauliza uzito wao, na hapo niligombana na watu wengi.

Siku ya kutua niliiacha tupu. Hilo nilijifunza kwa aibu, baada ya kumpandisha bwana mmoja farasi siku hiyo hiyo aliyoshuka ndege ya tatu. Alilala juu ya farasi. Farasi, akiwa na akili kuliko mimi, alimrudisha zizini.

Wateja waliuliza daima, "Wewe umefika huko?" Meneja alitufundisha kujibu, "Tumefika sote." Mimi niliwaambia sijafika. Sijafika mpaka leo. Lakini kila aliyerudi nilimpigia simu nikamuuliza viatu gani vilimfaa, choo kiko wapi, kivuli huanza saa ngapi. Kwa masikio ya watu niliujua ufukwe ule kuliko mtaa wetu.

Kulikuwa na karatasi moja niliyoiheshimu kuliko zote, orodha ya majina. Siku tatu kabla ya boti kuondoka, niliituma kwa wakala, naye akampa nahodha. Kule gatini mambo yalikuwa makali: boti haiondoki mpaka kila jina lililoandikwa liitikie.

Bi Rukia na mumewe, Mzee Salim, walikuja dawatini kwangu mwezi wa nne. Walikuwa na duka la vitambaa Fordsburg, na wote wawili walizaliwa Mombasa. Nilipowasikia wakinong'onezana Kiswahili nikawakaribisha kwa Kiswahili, na Bi Rukia akaacha Kiingereza.

"Mama, Kiswahili hiki umekipata wapi?"

"Uvira, Kongo."

"Ndiyo maana kimevaa suti ya Kifaransa."

"Afadhali suti," nikamjibu. "Chenu kinavaa kanzu hata sokoni."

Mzee Salim alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia haja yake. "Mimi sitaki farasi wala kamba za mitini. Tangu utotoni, chuo cha Kurani, nasomeshwa habari za Nabii Yunus ndani ya tumbo la yule samaki. Sasa nina miaka sabini na mmoja. Nataka nimwone kwa macho."

"Na akikumeza?" mkewe akauliza.

"Utapumzika siku tatu."

Nikawaandikia boti ya nyangumi, mwezi wa kumi na mbili, wakati nyangumi wanapoingia ghuba ile kuzaa. Mwezi wa tisa Mzee Salim alianguka akifungua mlango wa duka, na hakuinuka.

Bi Rukia alikaa eda, miezi minne na siku kumi, ambamo mjane wa Kiislamu hutulia nyumbani kwake. Alinipigia simu mara moja tu. "Isogeze safari, usiifute. Nilimwahidi tutamwona samaki wake. Nitakwenda." Nikaisogeza mpaka mwezi wa pili, kabla nyangumi hawajaondoka na watoto wao. Dawati la tiketi lilikata jina la Mzee Salim kwenye ndege. Dawati la hoteli lilikata kwenye chumba. Likabaki kwenye orodha yangu.

Hapa naomba nieleze, si kujitetea. Katika ukoo wetu kule Uvira, jina la marehemu halikatwi na mtu wa nje. Wenyewe hukaa siku ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, wakagawa nguo zake, wakasema, sasa amekwenda. Mimi nilikuwa nani wa kumpigia mstari mzee wa watu? Nilitaka Bi Rukia aniambie mwenyewe. Nilikuwa na namba yake. Nilishika simu mara nyingi nikairudisha, nikijiambia nisitoneshe kidonda. Siku ya kutuma orodha ilifika, nikaituma na majina mawili, huku nikijidanganya kwamba nahodha ataona kiti kitupu na kuelewa.

Saa kumi na nusu jioni, kule kwao ikiwa asubuhi, wakala alinipigia. "Bwana Salim hajafika gatini. Amechelewa hotelini? Watu wamekaa juani nusu saa."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akiliita jina lile kwa nguvu, kushinda mlio wa injini. Akaliita tena. Akaliita mara ya tatu. Na nilijua Bi Rukia amekaa palepale, katikati ya watu asiowajua, anasikia.

"Amefariki," nikasema. "Mwambie nahodha amefariki, na kosa ni langu."

Nilimsikia akimwita nahodha kwa Kihispania. Kisha simu ikakatika.

Mkuu wa Safari za Nje alifunga mlango wake. "Tutaandika kwamba wakala alitumia orodha ya zamani. Yuko mbali, Mama. Haitamuumiza."

"Orodha niliituma mimi."

"Unajua meneja atakutoa kwenye dawati?"

"Najua."

"Eish, Mama. Wewe na ukweli wako mtakula nini?"

Niliposhuka, Alphonse alikuwa langoni anamkabidhi mwenzake zamu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu. Walinzi hawapitwi na neno. "Umesema kosa ni lako?" akaniuliza.

"Nimesema."

"Basi, twende nyumbani." Alinibebea mkoba mpaka kwenye robot, taa za barabarani, mbele ya watu, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi.

Nilirudishwa kwenye birika siku ya pili, pamoja na barua ya onyo. Bi Rukia aliporudi nilikwenda Fordsburg. Alikuwa anampimia mteja kitambaa, akaniacha nimesimama mpaka alipomaliza. Kisha akanisogezea kiti.

"Sikufichi," akasema. "Uliniumiza. Ilinibidi nisimame mbele ya Wazungu na Wajapani niseme mume wangu amekufa. Nilikuwa sijalitamka neno hilo kwa mdomo wangu. Wengine walinisemea, mimi niliitika tu."

Nikamwambia habari ya ukoo wetu, na simu niliyoishika nikairudisha. Hakunikatiza.

"Mila yenu siikosoi," akasema. "Lakini kwa nini hukuniuliza? Ungeuliza, Mama Furaha. Ningelia, ningekujibu. Watu wote walikuwa wananipita kwa kunyata kama mtoto aliyelala. Hata jina lake hawalitaji dukani humu, duka alilolifungua yeye." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Samaki tulimwona. Aliinuka karibu na boti, mweusi, mkubwa kuliko duka hili, na mtoto wake ubavuni. Nilisema, Salim, huyo. Kwa sauti. Maana kila mtu pale alikuwa ameshalijua jina."

Sikujua kama amenisamehe. Alinipa chai, tukainywa.

Baada ya miezi mitatu barua za Kihispania zilikuwa zimejaa meza, nikaitwa tena dawatini. Tangu siku hiyo niliongeza swali moja kabla ya kutuma orodha. Nilimpigia kila mteja nikamuuliza, "Kuna asiyekuja?" Wengi walijibu upesi. Wengine walinyamaza kwanza, nami nilijifunza kungoja kwenye simu bila kujaza ule ukimya. Mkuu alilalamika kwamba nilikuwa natumia dakika nyingi kwa watu wachache. Ni kweli, nilizitumia.

Nilistaafu mwaka jana. Alphonse alifariki miezi miwili baadaye, kwa moyo, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Kanisani walinipokea vizuri. Walileta sembe, walileta viti, walinipangia zamu ya kunitembelea. Ila waliponiona naja waliacha mazungumzo, na mtu akianza "siku ile Papa Alphonse...", mwenzake alimkanyaga mguu. Sikuwalaumu. Kwa heshima hiyo hiyo mimi niliwahi kumuumiza mtu. Wanangu nao, wanaozungumza Kizulu kuliko lugha yangu, walitoa picha yake ukutani ili nisione.

Wiki ya tatu Bi Rukia alipiga simu. Hakuanza na pole.

"Mama Furaha, nikuulize. Jina la mumeo nilitaje, au ninyamaze kwanza?"

Nilishindwa kujibu mara moja. Alingoja, hakuujaza ukimya.

"Litaje," nikasema.

Akalitaja. Alilitamka vibaya, Kimombasa, Alfonsi, na machozi ambayo hayakunitoka siku ya mazishi yakanitoka. Nikamwomba alitaje tena.