Sahihi Tano za Mama Mito

Katika makao ya wazee nilikopikia kwa miaka kumi na minne, hakuna aliyemwita mhudumu mkuu kwa jina lake. Alikuwa Mama Mito. Kila kitanda alichopita kiliongezwa mto: mmoja chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, mwingine mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Tulimtania kwamba akifa tutamzika na mito sita. "Saba," alijibu. "Na mnigeuze kila baada ya saa mbili."

Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana aliwakusanya wahudumu wapya kwenye chumba cha shuka, akamlaza mmoja wao kitandani na kumkataza kujigeuza kwa saa nzima. "Pua ikiwasha, vumilia. Mgongo ukiwaka moto, vumilia. Wao ndivyo wanavyovumilia." Walioingia wakicheka walitoka wakijisugua nyonga, na hawakuhitaji kukumbushwa tena.

Mmoja wao alikuwa binti mwembamba aliyekuja akiogopa hata kushika meno ya bandia. Mama Mito alimchukua kama wa kumzaa. Alimfundisha kumwinua mzee bila kumburuta, kumlisha asipaliwe, kumwosha huku akimsemesha. Binti alipopata nafasi ya kusomea uuguzi, Mama Mito alimfanyia zamu zake za Jumamosi kwa miaka miwili. Akahitimu, na haukupita muda akafanywa msimamizi wa makao yote. Siku hiyo Mama Mito aliingia jikoni, akanishika mabega na kunizungusha mpaka mwiko ukanidondoka. "Mwanangu ndiye bosi! Sasa Jumanne zangu hazitaguswa."

Ziliguswa. Kwanza saa ikawa nusu saa, kisha kila wiki ikawa mara moja kwa mwezi. Wahudumu kadhaa walikuwa wameacha kazi, zamu zina mapengo, na msimamizi alisema hawezi kuwatoa watu wodini ili wakalale. Mwishowe mafunzo yakafa kabisa. Karatasi za mahudhurio, hizo ziliendelea kuja.

"Mama, tia sahihi hapa tu. Mafunzo tutayafidia mwezi ujao."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo."

"Jamani mama, huniamini?"

Akatia. Mara ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Nilipomwambia awe mwangalifu, alinicheka. "Yule? Yule hawezi kunitosa."

Kisha akafanyiwa upasuaji wa goti, akapumzika wiki sita. Aliporudi na fimbo yake alianzia kwa Mwalimu, mzee aliyefundisha hesabu maisha yake yote na sasa amepooza upande mmoja. Harufu ilimfikia kabla hajafunua shuka. Kwenye nyonga palikuwa na kidonda ambamo ngumi ya mtoto ingeingia. Wahudumu wapya walikuwa wakimvuta kwa makwapa na kumlaza kwa ubavu ule ule, akitazama dirisha, kwa kuwa anapenda kuona nje. Hawakuwa watu wabaya. Hakuna aliyewafundisha.

"Nilihesabu," Mwalimu alimwambia. "Jana nilikaa saa kumi na moja bila kugeuzwa. Nikaona haya kuita."

Mama Mito aliandika ripoti bila kupunguza neno, akaikabidhi kwa msimamizi mkono kwa mkono. Wiki mbili baadaye mkaguzi akaja. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa chakula, na dirisha langu la kupakulia lilikuwa wazi.

Ripoti haikuwepo mezani. Zilikuwepo karatasi tano.

"Mafunzo yalifanyika," msimamizi alisema, macho kwenye karatasi. "Mkufunzi ni huyu. Kama hawajui kumgeuza mgonjwa, basi ndivyo walivyofundishwa. Tumemvumilia kwa ajili ya umri wake."

Mama Mito alimtazama tu, akingoja, kama mtu anayedhani amesikia vibaya.

"Sahihi ni yako?" mkaguzi akamuuliza.

"Ni yangu."

"Ulifundisha?"

"Sikufundisha."

"Basi ulidanganya."

"Nilidanganya. Mwanangu aliniomba."

Msimamizi akafunga faili. "Mimi si mwanao. Tuko kazini hapa."

Mama Mito alipewa barua ya onyo na kuvuliwa cheo. Msimamizi akabaki kwenye kiti chake, kwa kuwa hakuna karatasi iliyokuwa na sahihi yake. Siku hizi mafunzo hutolewa na mtu wa nje, picha zikionyeshwa ukutani kwa dakika arobaini, na hakuna anayelala kitandani.

Tulidhani ataondoka siku ile ile. Hakuondoka, maana kidonda kilikuwa bado wazi. Alikisafisha kila asubuhi kwa miezi mitano, na wahudumu wapya wawili wakaanza kumfuata bila kutumwa, wakimshikia bandeji na kuuliza maswali. Kilipofunga, akaandika barua ya kuacha kazi.

Msimamizi alimkimbilia getini. "Mama, wangenifukuza! Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningesema kweli," Mama Mito alisema, "halafu ningekuja kulia kwako."

Majuzi nilipomtembelea nilimuuliza kama amemsamehe.

"Aliyonitendea mimi, nitajua mwenyewe. Lakini mara tano nilitia sahihi, dada, na nyonga iliyooza haikuwa yangu wala yake."

Simu yake ikalia, na kiooni nikaona neno "Mwanangu". Akaangalia ni nani, akailaza kifudifudi mezani, akaniuliza habari za wanangu.