Kiti Kilichofinyangwa kwa Mgongo Wake

Habari ilinikuta jikoni, nimeinamia sinki nasugua sufuria ya maharagwe yaliyoungua. Simu ikalia. Alikuwa jirani yangu wa miaka mingi, mwanamke wa Tanga, na hata salamu hakutoa. "Shoga, Bi Sijaenda kafa leo asubuhi," akasema. "Haya, sasa kaenda." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye ulimi umemtangulia na aibu inamfuata nyuma. Mimi sikucheka. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikarudi kwenye sufuria yangu nikaisugua mpaka vidole vikaniuma, maana nilikuwa na hasira, na hasira inataka kazi. Nyinyi mnaonisoma hapa mmenizoea. Mnajua shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa penseli, na mnajua kwamba jambo likinikaa kooni silimezi. Hili limenikaa. Aliyekufa alikuwa mwanaanga, wa kwanza kutoka kwetu, na Hodge Hill nzima, mtaa wetu hapa Birmingham, ilimjua kwa jina la utani.

Alizaliwa Kisumu, binti wa sonara wa Kihindi. Mimi pia ni mtoto wa Kisumu, Msomali, na tulipokuja kulinganisha mambo uzeeni tuligundua kuwa utotoni tulinunua mandazi kwa mama mmoja, yeye asubuhi akienda shule, mimi nikitoka kuuza maziwa. Hatukuwahi kusemezana. Wahindi walikuwa na mtaa wao, Wasomali na wao, na Waluo wenye mji wakitutazama sote. Ilitubidi tuje kwenye mvua ya Birmingham ndipo tujuane. Baba yake alipohamia hapa alipata nafasi katika karakana moja ya Hockley, mtaa wa masonara, akitengeneza pete na vifungo, na binti akakua akimshikia taa. Akasomea uhandisi, akawa anachonga vipuri vidogo vya mitambo ya kupimia. Halafu siku moja akasikia redioni kwamba wanatafutwa watu wa kupelekwa angani, akaandika kuomba. Baba yake akamuuliza, "Na huko juu nani atakuoa?" Akamjibu, "Baba, hata hapa chini hajajitokeza mtu."

Akachaguliwa. Akapelekwa ng'ambo kwenye baridi ya kuvunja meno, akafunzwa kama wenzake wote. Walimzungusha kwenye mashine mpaka akatapika, wakamtumbukiza majini na mavazi mazito, wakamfundisha lugha ngeni ukubwani. Mwisho wakamlaza kwenye plasta laini, wakachukua umbo la mgongo wake, wakalifinyangia kiti. Kiti cha chombo cha anga hutengenezwa hivyo, alinieleza, ili mshindo wa kutua usimvunje mtu uti wa mgongo. Kila mmoja ana chake, na cha mmoja hakimkai mwingine. Lakini yeye alikuwa wa akiba. Kwenye kazi ile anayekwenda ana mwenzake wa kusimama nyuma yake, anayejua kila anachojua yeye, anayekula naye, anayetengwa naye mbali na watu wenye vikohozi, ili wa mbele akishikwa na homa wa nyuma apande. Wa mbele hakushikwa. "Hakupata hata mafua," aliniambia. "Kila asubuhi nilimwombea afya, dada, na kila asubuhi nilitamani apige chafya. Yote mawili ni kweli. Ukija kuniandika, andika yote mawili." Nimeandika. Chombo kikaruka, yeye akabaki chini kwenye chumba cha mitambo, sauti yake ndiyo waliyoisikia wenzake kule juu, akiwaelekeza na kuwatuliza mpaka walipotua salama. Kisha akarudi nyumbani kwake.

Na hapo ndipo sisi wanawake wa mtaa tulipoingia. Ilisambaa kwamba mwanaanga amerudi. Kwetu mtu akirudi Hija watu humwendea na chakula, naye huwapa tende na maji ya zamzam, na tangu siku hiyo huitwa Haji mpaka kaburini. Desturi ya kumpokea mtu aliyetoka angani hatukuwa nayo, tukatumia tuliyonayo. Tukapika pilau ya mbuzi, sufuria kubwa ya harusi, tukajifunga leso zetu za maana, tukaenda kwa kikundi tukipiga vigelegele huku mapazia ya Waingereza yakitikisika madirishani. Akafungua mlango na aproni kiunoni, mikono ina unga. Yule wa Tanga akatangulia, "Karibu ardhini, mama. Tumekuja utupe habari za huko." Akatutazama mmoja mmoja. "Sijaenda," akasema. "Wameenda wenzangu." Vigelegele vikatufia mdomoni. Mmoja wetu nyuma akanong'ona, "Basi na pilau turudi nayo?" Akasikia. "Pilau iingie," akasema. "Aliyepika hajakosea kitu. Nyama mimi sili, lakini sahani ninazo." Hata hilo hatukuwa tumelifikiria: tumempelekea mbuzi mwanamke wa Kihindu asiyegusa hata yai. Akatupakulia chakula chetu wenyewe kwenye sahani zake nzuri, yeye akala kachumbari na chapati, akatusimulia habari za kile kiti mpaka chai ikapoa.

Tulipokuwa tunarudi, sufuria tupu kichwani, yule wa Tanga alikuwa ameshampa jina. Bi Sijaenda. Likashika kama gundi. Miaka yote hiyo watu walimwita hivyo, wengine bila kujua limetoka wapi, na yeye aliliitikia kama mtu anayeitikia hodi. Kila asubuhi alivaa raba zake akatembea kwa kasi kuzunguka mtaa, mvua au barafu, mikono ikipiga kama ya askari. Wanaosubiri basi wakamtania, "Bi Sijaenda, roketi imechelewa leo?" Naye bila kusimama, "Imechelewa kama basi lako. Ila wewe umekaa." Siku moja, nywele zake zikiwa zimeshakuwa nyeupe pe, nilimuuliza anajitesea nini. Akaniambia, "Dada, waliniambia nikae tayari. Hakuna aliyepiga simu kuniambia basi, imetosha." Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

Sasa nitawaeleza habari ya mjukuu wangu, na mnivumilie, maana nikianza kumsifu sina breki. Ni kipa. Msichana wa Kisomali, mtandio wake chini ya kofia, mikono mirefu kama ya babu yake, anacheza na timu ya wasichana kule Shard End. Tuseme anacheza, karibu msimu ule mzima alikuwa kwenye benchi. Jumamosi moja alirudi akatupa mfuko ukumbini kiasi cha kuangusha koti langu, na mwanaanga alikuwa kwangu siku hiyo tunakunywa chai. Watoto wa hapa mnawajua, Kiswahili wanakisikia chote lakini wanajibu Kiingereza. "Siendi tena, nyanya," akasema kwa Kiingereza chake. "Mimi ni wa akiba tu. Si mchezaji." Nikataka kumbembeleza, mgeni wangu akaniwekea mkono gotini. Akamuuliza yule mtoto, "Leo ulivaa njumu?" "La, nilivaa viatu vyangu vya kawaida. Za nini, nisipoingia?" "Na glavu?" "Zilikuwa mfukoni." "Basi usijisingizie cheo, binti yangu. Wewe hukuwa wa akiba leo. Ulikuwa mtazamaji, tena ulikaa mahali pazuri bila kulipa." Mtoto akaokota mfuko wake ukumbini. Jumamosi iliyofuata alitoka nyumbani njumu ziko miguuni tayari, zikigonga lami tak tak tak mpaka kituo cha basi. Hakuitwa. Aliitwa wiki nyingi baadaye, kipa mwenzake alipoumia kidole. Akafungwa mabao ya kutosha, akarudi na matope mpaka masikioni, na mimi nikampiga picha nikaibandika mlangoni pa friji, bado ipo.

Nimelifikiria sana neno lile la mtazamaji. Nchi hii sasa imeshikana mashati, itoke Umoja wa Ulaya au ibaki, na kila nikiwasha televisheni namwona mtu anabishana nani ana haki ya kuwa hapa, kana kwamba sisi tumekuja jana na begi. Wanawake ninaowajua mimi wamekaa tayari maisha yao yote. Nina rafiki alisomea ualimu Nairobi, hapa akafagia madarasa, na kila mwaka alipasi upya nguo yake ya kufundishia. Kuna mwanamume alikuwa fundi mitambo hodari, kiwanda kikafungwa, mpaka leo vifaa vyake amevipaka mafuta havina kutu. Watu wakiwaona wanasema, maskini, hawakufika. Mimi nasema huo umaskini ni wa macho ya anayetazama. Hatukuitwa, sawa. Lakini asije mtu akaniambia hatukuwa tayari.

Basi wiki ile ya msiba mdogo wa marehemu aliniomba niseme maneno machache kwa Kiswahili kwenye ukumbi watakapomuaga, kabla ya kupelekwa kuchomwa kama ilivyo dini yao. "Dada alisali Kigujarati na kufanya kazi kwa Kiingereza," akaniambia, "lakini akikasirika alikasirika kwa Kiswahili. Hicho ndicho kilikuwa chake hasa." Nikaenda. Mlangoni nikamkuta mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki, bwana mstaarabu wa tai, ndiye mwongozaji. Akanivuta pembeni. "Mama, kwenye wasifu tumeona tuseme mhandisi. Mwanaanga ni neno kubwa. Watu watauliza alikwenda lini."

"Uwaambie hakwenda."

"Sasa mwanaanga asiyekwenda angani ni mwanaanga gani?"

"Ni huyo aliyelala hapo mbele."

"Mama, wewe Mwislamu, unajua. Asiyefika Makka haitwi Haji."

Alinibana kidogo hapo, siwafichi. "Hija ni ya mtu na Mungu wake, na nia za watu Mungu anazijua. Hapa tunazungumza kazi. Mtu wa zimamoto ambaye katika zamu yake haikuungua nyumba, utamwandika nani? Muuza maua?"

Nyuma yake mdogo wa marehemu alikuwa amesimama, macho mekundu, anasikia kila kitu. Aliningoja mimi. Nikajua kwamba neno likitoka leo halitarudi tena. Kesho atakuwa majivu, na kitakachobaki mtaani ni Bi Sijaenda.

"Basi sema wewe, mama," mwenyekiti akasema. "Mimi sitasema."

"Nipe hiyo maikrofoni."

Sikuwa nimejiandaa. Niliwasimulia pilau ya mbuzi, ukumbi ukacheka, hata mdogo wake akacheka huku analia. Kisha nikawaambia: "Mama huyu walimlaza kwenye plasta, wakatengeneza kiti kwa umbo la mgongo wake. Humu ndani mmenong'ona kwamba hakuwa mwanaanga. Vizuri. Kile kiti kilikuwa cha nani? Kama kuna mgongo mwingine humu unaokienea, usimame." Hakuna aliyesimama. Nikahesabu moyoni kama anavyohesabu mjukuu wangu kabla ya penalti, halafu nikasema, "Tunamuaga mwanaanga," nikashuka. Mwenyekiti alipochukua maikrofoni alisafisha koo, akasema, "Kama alivyosema mama." Zaidi ya hapo hakusogea, na mimi sikumdai zaidi.

Yule wa Tanga alikuwa safu ya nyuma, kajitanda mpaka puani. Lakini kesho yake alinigongea, ameshika sufuria ile ile ya harusi, ina pilau ya viazi na njegere, hakuna hata mfupa. "Nimeosha sufuria kwa maji ya moto, mara kadhaa," akasema, kama anayegombana. Tukaenda pamoja mpaka nyumbani kwa marehemu. Mlango ukafunguliwa na jamaa yao kijana aliyetoka Leicester, asiyetujua. Akatuuliza sisi ni nani. Nikafungua mdomo, mwenzangu akaniwahi. "Sisi ni majirani wa mwanaanga," akasema, akaingia na sufuria yake.

Kwa hiyo wasomaji wangu, mtu akikuuliza wewe ni nani, usimpe hesabu ya ulikofika. Wengi wetu hatutafika, kwa sababu mwenzetu hakupiga chafya, au mlango ulifungwa kabla hatujazaliwa. Mwambie ulijifunza nini, ulivaa nini, na kama anataka kukuvua ulichovaa mwambie apige simu kwanza. Mjukuu wangu bado Jumamosi nyingi yuko benchi. Nenda Shard End umwangalie miguuni. Njumu zimefungwa kamba.